Swali la Kandara

Muhula mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kazi ya kuandika juu ya nchi isiyokuwapo. Niliwaambia wajifikirie kuwa wamesogezwa mbele miaka hamsini, wamesimama katika nchi ambayo bado haijapewa jina wala bendera, kisha wanieleze maisha ya mtu mmoja aliyeazimu kuitengeneza nchi hiyo. Madaftari yaliporudi mezani kwangu nilisoma mambo ya ajabu. Palikuwa na nchi ambamo mito haikauki na madaraja hayaporomoki. Palikuwa na nchi ambamo mahakimu hukaguliwa kila mwaka kama mizani ya sokoni. Palikuwa na nyingine ambamo mshahara wa mwalimu huzidi wa waziri, nami nakiri kwamba mwandishi wake nilimpa alama mbili zaidi ya haki yake. Lakini mtengenezaji mwenyewe alikuwa karibu mtu yule yule katika insha zote: alizaliwa maskini, alisoma kwa taabu, alisema kweli mbele ya wakubwa, alifungwa, alifunguliwa, akashinda.

Insha moja haikuwa imekwisha. Kijana aliyeiandika alikuwa amemfikisha shujaa wake penye mlango wa jumba la serikali, akakoma hapo. Nilimwita nikamwuliza sababu.

"Mwalimu, nimekwama," akaniambia. "Amewapa watu mashamba, amewapa shule, amewapa maji. Na yeye mwenyewe atapata nini?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, maana swali hilo nililijua. Liliwahi kuulizwa katika nchi yetu hii, mbele ya umati wa watu, na aliyeliuliza hakuwa mtoto. Nataka, msomaji, nikueleze habari za mtu aliyeulizwa, kisha tulipime swali lenyewe mimi na wewe.

Bildad Kaggia alizaliwa mwaka 1921 huko Dagoretti, karibu na Nairobi, katika jamaa yenye asili ya Murang'a. Alisoma katika shule ya misheni, akawa karani, kisha akaingia katika jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Jeshi lilimpeleka mbali, Mashariki ya Kati na hata Uingereza kwenyewe. Safari huwatenda watu kwa njia mbili: wengine huwaongezea kiburi, wengine huwaondolea hofu. Kaggia alikuwa katika kundi la pili. Aliporudi Kenya mwaka 1946 alijitenga na kanisa la wamisionari, akapata wafuasi katika dini iliyotaka Mwafrika amwabudu Mungu bila kuomba ruhusa kwa mgeni. Huko Nairobi alijitia katika vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1951 yeye na Fred Kubai na Paul Ngei waliushika uongozi wa tawi la Nairobi la chama cha KAU, wakalipa tawi hilo ukali ambao wazee wa chama hawakuuzoea.

Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Kaggia alikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko, wakashtakiwa huko Kapenguria kwa kuongoza Mau Mau. Aprili 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda katika rufani lakini hakuachiliwa, bali aliwekwa kizuizini. Wale watano walifungwa Lokitaung, kaskazini kabisa katika nchi ya Waturkana, mahali pa mawe na jua. Kenyatta, kwa sababu ya umri wake, alipewa kazi ya upishi. Wenziwe walifanya kazi za sulubu.

Hapa nakuomba utulie kidogo. Mwaka 1953 Kenya huru ilikuwa wapi? Haikuwapo katika ramani yo yote. Haikuwa na wimbo, wala bunge, wala noti yenye sura yake. Ilikuwapo katika vichwa vya watu, kama vile nchi za wanafunzi wangu zilivyokuwamo katika madaftari. Watu waliokula kiapo, waliochimba mahandaki kwa kulazimishwa, waliopoteza mashamba na waume na wana, waliteseka kwa ajili ya nchi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyepata kuiona. Jambo hili hunishangaza kila nilifikiripo. Mtu hafi kwa ajili ya ng'ombe asiyemjua, lakini hufa kwa ajili ya nchi ambayo haijazaliwa.

Nchi ya namna hiyo ina uzuri wake, na ina hatari yake pia. Kila mtu huijenga kwa haja aliyo nayo. Mwenye njaa huiona imejaa chakula. Asiye na shamba huona humo shamba. Mwenye hamu ya biashara huona maduka yenye jina lake juu ya mlango. Maadamu adui yumo nyumbani, hakuna anayeuliza kama picha hizi zinafanana. Siku ya uhuru ndiyo siku ya kuzitandaza zote juu ya meza moja, na mara nyingi ndipo watu waliolala katika boma moja la gereza wanapogundua kwamba kila mmoja alikuwa akiota ndoto yake.

Kaggia alifunguliwa mwaka 1961. Mei 1963 watu wa Kandara walimchagua kuwa mjumbe wao bungeni, naye akapewa cheo cha kumsaidia Waziri wa Elimu. Tarehe 12 Desemba mwaka ule ule bendera ya Mwingereza ilishushwa. Picha zikatandazwa mezani.

Iliyogombaniwa kuliko zote ilikuwa picha ya ardhi. Wakati wa hali ya hatari, mashamba ya Wakikuyu yalikuwa yameunganishwa na kupimwa na kuandikiwa hati, na kazi hiyo ilifanywa huku wenyewe wengi wamo gerezani, au kizuizini, au msituni. Asiyekuwapo hana wa kumwonyeshea mpaka. Wengi walirudi wakakuta jiwe la mpaka limehamia mahali pengine, na hati ina jina la mtu aliyebaki nyumbani kwa sababu alikuwa upande wa serikali. Kwa upande mwingine yalikuwako mashamba makubwa ya Wazungu katika nyanda za juu. Tangu mwaka 1962 serikali ilianza mpango wa kununua ekari milioni moja za mashamba hayo na kuwagawia Waafrika, jamaa kama 35,000. Fedha nyingi zilitoka Uingereza, nyingine zikiwa msaada na nyingine mkopo. Na Mwafrika aliyepewa kipande chake alitakiwa kukilipia, pamoja na faida, kwa miaka mingi.

Kaggia alilikataa jambo hili. Alisema kwamba mali iliyonyang'anywa haiuzwi tena kwa yule aliyenyang'anywa. Alisema maskwota wasifukuzwe katika mashamba waliyoyalima miaka yote, na kwamba watu wasio na ardhi wapewe bila malipo. Alisema hayo akiwa ndani ya serikali, akaandikiwa barua ya kumwonya, akajibu, akaandikiwa tena. Na mwaka 1964 alitoka serikalini. Hakunyamaza. Februari 1965 Pio Gama Pinto, mjumbe wa bunge ambaye naye alikuwa upande wa wale waliodai matengenezo ya namna hiyo, alipigwa risasi akafa nje ya nyumba yake Nairobi. Siku zilikuwa nzito.

Aprili 1965 Rais Kenyatta alifika Kandara, kwa wapiga kura wa Kaggia mwenyewe, na Kaggia akiwapo. Akamsemesha mbele ya watu. Akamkumbusha kwamba walikuwa gerezani pamoja. Akamtaja Ngei, kwamba ukienda kwake utakuta amepanda kahawa na mimea mingine. Akamtaja Kubai, kwamba ana nyumba kubwa na shamba zuri. Akamtaja Karumba, kwamba sasa ana mabasi yake. Na baada ya kila jina alimrudia Kaggia kwa swali lile lile: je, wewe umejifanyia nini?

Kwanza tulitendee haki swali hilo, kwa maana halikuwa la kipumbavu. Wazee wetu husema mkono mtupu haulambwi. Katika vijiji vyetu mtu hujulikana kwa shamba lake. Mpita njia akiona migomba iliyopaliliwa vizuri husema moyoni, hapa pana mtu. Na mtu aliyeshindwa kuezeka nyumba yake mwenyewe asishangae tukisita kumkabidhi nyumba yetu sote. Tena Kenyatta alikuwa na hoja yake juu ya nchi. Serikali yake ilikuwa imekubali katika mazungumzo ya uhuru kwamba mali haitachukuliwa bila kulipwa. Mashamba makubwa ndiyo yaliyoleta fedha za kigeni, na kama yangegawanywa kwa haraka na vurugu, nani angelipa mishahara ya walimu na waganga? Yeye alihubiri kwamba uhuru hauleti vya bure, na kwamba mtu alime, atoe jasho, apate. Baba aliye na watoto wengi na chungu kidogo huona mambo ambayo mtoto anayelia haoni.

Haya yote nayakubali. Lakini litazame swali tena, utaona limefanya kazi gani. Kaggia alikuwa amesema: watu hawa hawana ardhi. Jibu lingeweza kuwa: wanayo. Au lingeweza kuwa: hawana, nasi tutawapa kwa njia hii. Au: hawana, wala hatuwezi kuwapa, kwa sababu hizi na hizi. Majibu yote matatu ni ya haki, ingawa la mwisho ni chungu. Lakini jibu alilopewa lilikuwa: na la kwako liko wapi? Shauri la maelfu ya watu likageuzwa kuwa shauri la mtu mmoja. Aliyekuja kama shahidi akawa mshtakiwa, na kosa lake lilikuwa umaskini.

Tena swali lilimfungia milango yote miwili. Kama angekuwa na kahawa na mabasi, angeambiwa: mbona wewe umeshiba, nawe unawachochea wenye njaa? Kwa kuwa hakuwa navyo, alionekana mvivu apendaye vya watu. Mtu hawezi kujibu swali la namna hiyo bila kujidhuru, na lisilojibika ni silaha, hata kama limevaa nguo za swali. Jifunze kulitambua, msomaji, maana utakutana nalo katika midahalo ya shule, katika vikao vya jamaa, na siku moja katika baraza la wakubwa. Mtu akisema, "Bomba la maji limepasuka," akajibiwa, "Nawe umechimba visima vingapi?" bomba linaendelea kumwaga maji.

Lakini kuna jambo jingine, na mimi naliona kubwa kuliko hayo. Umati ule wa Kandara haukusikia swali tu, ulifundishwa somo. Ulifundishwa kwamba miaka ya gerezani ilikuwa kama mtaji wa biashara, na kwamba mwenye akili ni yule aliyeuona mapema akaufanyia faida. Fikiri juu ya mjane aliyekuwa amesimama hapo, ambaye mumewe hakurudi kutoka msituni. Yeye naye alikuwa ameweka mtaji. Faida yake ilikuwa wapi? Ahadi ni deni, na nchi iliyofikiriwa pamoja ni ahadi ya watu wote kwa watu wote. Wachache wakichukua fungu lao mbele, kisha wakawauliza wengine kwa nini hawakuchukua, deni halikulipwa. Limesahauliwa tu kwa kelele.

Pengine utaniambia: Mwalimu, je, kila mwenye mali ni mwovu, na kila maskini ni mtakatifu? La, hasha. Nisingependa uandike hivyo katika mtihani. Mtazame Josiah Mwangi Kariuki. Naye aliwekwa kizuizini wakati wa hali ya hatari, akaandika kitabu juu ya mateso ya huko, akawa mjumbe wa bunge na msaidizi wa waziri. Huyu kama angeulizwa swali la Kandara angejibu vizuri sana, maana alikuwa tajiri mwenye mashamba, wala hakuona haya kuishi kitajiri. Hata hivyo yeye ndiye aliyeonya kwamba Kenya isije ikawa nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Machi 1975 aliuawa, na maiti yake ikaonekana Ngong. Kaggia hakuwa na kitu, Kariuki alikuwa na vingi, na wote wawili walisema neno moja juu ya wasio na ardhi. Basi kipimo cha mali hakikuweza kutuambia lo lote juu yao. Ukimpima mtu urefu ili ujue kama ana homa, kamba yako yaweza kuwa nzuri kabisa, lakini homa hutaijua.

Nchi nyingine imepata kulijibu swali hili kwa amri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wa Tanzania kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, au kuwa na nyumba za kupangisha. Huko, kiongozi aliyejifanyia mengi ndiye aliyepaswa kujieleza. Kwetu Kenya njia ilikwenda kinyume: mwaka 1971 tume iliyoongozwa na Duncan Ndegwa ilikubali watumishi wa serikali wafanye biashara zao. Sheria ya Tanzania nayo ililegezwa huko Zanzibar mwaka 1991, na Katiba yetu ya mwaka 2010 imeweka sura nzima, ya sita, juu ya uadilifu wa viongozi. Sitakaa sana hapa. Sheria yaweza kuuzuia mkono usichukue, lakini haiwezi kukizuia kinywa kisiulize, na swali ninalolisema linakaa kinywani.

Sasa nafika mahali panaponisumbua zaidi, nami sina hakika kwamba nitapaeleza vizuri.

Mwaka 1966 Kaggia aliondoka KANU pamoja na Oginga Odinga, wakaunda chama cha KPU. Katiba ikabadilishwa mara moja, ikawataka wote waliohama chama warudi kwa wapiga kura. Juni mwaka ule ule watu wa Kandara walipiga kura, nao wakamchagua mtu mwingine. Ni kweli kwamba chama kile kipya kilizuiwa njia nyingi, na wakubwa wa serikali hawakukaa kando kama waamuzi. Lakini siwezi kujidanganya kwamba sababu yote ni hiyo. Wengine waliopiga kura dhidi yake hawakuwa na ardhi. Walimkataa mtu aliyewadai haki yao, kwa nini?

Nilipotoka katika chuo cha ualimu na kurudi nyumbani na cheti changu, mjomba wangu alinipokea kwa furaha. Alinishika mkono, akanipa kiti, akauliza habari za safari. Kisha akatazama nyuma yangu, barabarani, akasema, "Na gari umeliacha wapi?" Alikuwa anatania, na tulicheka. Lakini nilipokwenda kulala nilikuwa bado nalisikia neno lake. Tangu siku ile sijapata kuhudhuria harusi au mazishi kijijini bila mtu kuniuliza kwa njia moja au nyingine kama nimejenga. Hawaniulizi ni watoto wangapi niliowafundisha kusoma. Nao wananipenda, wala hawana nia mbaya.

Basi nimeanza kuamini kwamba aliyeuliza Kandara hakulitunga swali lile. Alilikuta vinywani mwetu, akalichukua, akaturudishia kwa sauti kubwa, nasi tukalipokea kama mtu anayepokea kofia yake mwenyewe. Swali la mjomba wangu na swali la Rais ni ndugu. Tofauti ni kwamba la mjomba wangu halikumzuia mtu ye yote kupata shamba. Siku za uchaguzi tunapomwona mgombea amekuja kwa gari moja kuukuu, tunasema huyu hana kitu, atatupa nini? Na mwingine akija na magari kumi na fedha mkononi, hatumwulizi yametoka wapi. Mimi ni mwalimu wa raia watakaopiga kura, na nikiwa mkweli sijui kama nimewahi kumfundisha hata mmoja wao kuuliza vingine.

Nisimfanye Kaggia malaika. Kugawa ardhi bure kuna maswali magumu kuliko kusema kuligawa. Nani awe wa kwanza? Aliyepigana msituni, au aliyelima shamba la Mzungu miaka thelathini, au yule ambaye babu yake alifukuzwa hapo kabla ya wote? Wale wa kabila moja wakipewa, jirani zao wa kabila jingine waliokuwa wakichunga hapo zamani wataambiwa nini? Katika Bonde la Ufa maswali hayo yaliyoahirishwa yamekwisha kumwaga damu zaidi ya mara moja, kama mnavyojua. Mtu anayetaka kutengeneza nchi hana budi kuyajibu haya kwa hesabu, ekari kwa ekari, wala si kwa uchungu wa moyo peke yake. Wala Kaggia hakusimama imara mpaka mwisho. Mwaka 1968 alifungwa tena, safari hii na serikali ya nchi aliyoipigania, kwa kosa la kufanya mkutano bila ruhusa. Na mwaka 1969 alirudi KANU.

Wapo waliosema kwamba kwa kurudi kwake alikubali kushindwa. Mimi naona ni rahisi kusema hivyo kwa mtu ambaye hajapata kufungwa na adui, kisha akafungwa na rafiki. Kifungo cha adui humwambia mtu kwamba yuko katika njia iliyonyoka. Kifungo cha rafiki humnyang'anya hata faraja hiyo. Mtu aweza kuchoka. Lakini naona pia kwamba waliomfuata mpaka KPU, wakapoteza kazi na biashara kwa ajili yake, walikuwa na haki ya kumuuliza, na swali lao lilikuwa jingine kabisa. Wao hawangeuliza umejifanyia nini. Wangeuliza: na sisi, je?

Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya kimya. Mwaka 1975 alitoa kitabu cha maisha yake, na masimulizi yake yanakoma mwaka 1963, penye mlango wa uhuru, kama insha ya yule mwanafunzi wangu. Watu waliomjua katika uzee wake wamesimulia kwamba riziki yake ilitoka katika kinu cha kusagia mahindi. Napenda kukifikiri kinu hicho, kelele zake na vumbi lake jeupe, na akina mama wamepanga vikapu vyao mstari wakingoja zamu. Alifariki Machi 2005, na magazeti yakakumbuka tena swali la Kandara. Yalimsifu kwa kutojibu kwa mali. Miaka arobaini ilikuwa imepita. Kumsifu hakukumgharimu mtu ye yote cho chote.

Yule kijana alinirudia baada ya juma moja. Alikuwa amemwingiza shujaa wake katika jumba la serikali, akampa mshahara wa kadiri, na mwishoni akamnunulia ekari tatu na ng'ombe mmoja wa maziwa, apate kuzeeka kwa heshima. Alikuwa amefikiri sana, na mwandiko wake ulikuwa safi. Nilisoma mpaka mwisho, kisha nikamwuliza hizo ekari tatu alizinunua kwa nani.

Aliitazama karatasi kwa muda. "Hilo sikulifikiri, Mwalimu," akasema, akanyosha mkono nimrudishie daftari lake.